Mchezaji Mpya Apimwe kwa Kipimo Gani?

Ukitoka mjini Kamembe na kuifuata barabara ielekeayo kusini, kwenye bonde la Bugarama linalolimwa mpunga, utakuta vilima vya Rwimbogo, mojawapo ya sekta za wilaya ya Rusizi katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Wazee wa huko bado huliita eneo zima kwa jina lake la zamani, Cyangugu. Ng'ambo ya mto Rusizi ni Kongo. Kusini ni Burundi. Kwa sababu ya ujirani huo, Kiswahili kimekuwa lugha ya soko na ya mpira tangu zamani, kabla hata Bunge la Rwanda halijakipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017.

Katika mwezi wa Agosti 2023 mwandishi wa makala haya alifika huko. Jioni moja, mbele ya duka dogo lenye redio, watu kadhaa walikuwa wameketi kwenye benchi la mbao wakibishana. Tarehe 12 ya mwezi huo Rayon Sports ilikuwa imeifunga APR mabao 3–0 katika mchezo wa kufungua msimu, ule umkutanishao bingwa wa ligi na bingwa wa Kombe la Amani. Kipigo hicho kiliwauma wengi kwa sababu maalumu. APR, timu ya jeshi iliyoundwa mwaka 1993, ilikuwa imeishi kwa miaka kumi na mmoja kwa sheria yake yenyewe ya kuchezesha Wanyarwanda peke yao. Mwaka huo iliifuta sheria hiyo ikafungua mlango, na kupitia mlango huo wakaingia wachezaji kutoka Nigeria, Kameruni, Sudani, Uganda na Kongo-Brazzaville. Sasa, baada ya mchezo mmoja tu, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa barazani: wageni hawafai, fedha zimepotea, warudishwe kwao.

Mmoja tu hakukubali. Alikuwa mzee aliyestaafu jeshini kwa cheo cha sajini, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkufunzi wa makuruti. Aliwaacha vijana wamalize makelele yao, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Wanangu, mimi nimepokea makuruti wengi. Wako waliokuja wakitembea kama majenerali, na wiki ya pili wakalia usiku. Wako waliokuja wakijikwaa kwenye kamba za viatu vyao, na leo ni maafisa. Nyinyi mnampima mtu kwa siku moja?"

Hapo mama mmoja, mkulima wa kahawa na mjane, aliyekuwa amesimama pembeni na ndoo yake, akauliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya. "Mzee wangu, wewe unayejua kupima watu, nisaidie. Mwanangu ana miaka kumi na sita. Septemba anatakiwa kuingia kidato cha nne. Amekuja mtu anayejiita wakala, anasema kijana ana kipaji kikubwa, ampeleke ng'ambo ya mto akachezee timu ya huko. Anataka fedha za safari na za karatasi. Nitajuaje kwamba mtoto huyu kweli ni mchezaji?"

Benchi zima likanyamaza. Ubishi juu ya wachezaji wa APR ni burudani. Lakini swali la mama yule lilihusu ada ya shule, mavuno ya msimu mmoja na maisha ya kijana mmoja. Hata hivyo maswali yote mawili yana mzizi mmoja: mchezaji mpya apimwe kwa kipimo gani?

WAMAREKANI NA UCHAGUZI WA ZAMU

Kwanza tutazame wale waliojenga kiwanda kizima cha kupima wachezaji wapya. Katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba kwa mikono na kukumbana kwa vifua, timu hazigombei vijana kiholela. Kila mwaka vijana waliotoka vyuo vikuu huorodheshwa, na timu huwachagua kwa zamu. Timu iliyoshika mkia msimu uliopita hupewa zamu ya kwanza, na bingwa hungoja mwisho, ili wanyonge wapate nafasi ya kuinuka.

Kabla ya siku hiyo vijana hupimwa kama ng'ombe wa mnada. Hupimwa urefu, uzito, upana wa kiganja, mbio za yadi 40 na nguvu za kuinua vyuma. Madaktari huwakagua na makocha huwahoji. Ingedhaniwa kwamba kwa vipimo vyote hivyo makosa hayawezekani. Lakini mwaka 2000 kijana aitwaye Tom Brady aliachwa na timu zote mzunguko baada ya mzunguko, hata akachukuliwa akiwa mtu wa 199. Kijana huyo alikuja kutwaa ubingwa wa juu wa mchezo huo mara saba, kuliko mchezaji mwingine yeyote. Kinyume chake, mwaka 2007 JaMarcus Russell alichaguliwa wa kwanza kabisa kati ya vijana wote wa nchi ile. Baada ya misimu mitatu timu yake ilimwacha, naye hakucheza tena katika ligi hiyo.

Tusicheke. Wataalamu wale hawakuwa wajinga. Walipima vizuri vitu vinavyopimika, yaani mbio, uzito na nguvu. Kilichowaponyoka ni namna kijana atakavyofanya kazi wakati hakuna anayemtazama, na namna atakavyosimama baada ya kuanguka.

VIJANA WA MEXICO

Rwanda haina uchaguzi wa zamu. Timu hupata wachezaji wapya kwa njia tatu: kuwalea, kuwanunua au kuwaazima. Njia ya kulea ilijaribiwa kwa dhati mwaka 2011. Januari ya mwaka huo Rwanda iliandaa mashindano ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 17, na vijana wake, chini ya kocha Mfaransa Richard Tardy, wakafika fainali na kufungwa na Burkina Faso 2–1. Kwa hatua hiyo walipata tiketi ya kwenda Kombe la Dunia la vijana nchini Mexico, jambo ambalo Rwanda haikuwa imelifanya kabla katika umri wowote. Huko walifungwa na Uingereza 2–0, wakafungwa na Uruguay 1–0, wakatoka sare bila bao na Kanada.

Baada ya safari hiyo vijana wale waliwekwa pamoja katika timu ya Isonga, wakaingizwa katika ligi kuu kucheza na watu wazima. Kisha timu kubwa zikaanza kuwachukua. APR ilikuwa ndiyo kwanza imeamua kubaki na Wanyarwanda watupu, ikamchukua miongoni mwa wengine nahodha wao, beki Emery Bayisenge.

Lau ungewauliza mashabiki mwaka 2011, wengi wangekuambia kwamba kikosi kizima cha vijana 21 kitakuwa timu ya taifa kwa miaka kumi. Haikuwa hivyo. Bayisenge alidumu, akavaa jezi ya taifa na mwaka 2016 akaenda kucheza Moroko. Wengine, kama Michel Rusheshangoga na Justin Mico, walijenga maisha ya heshima katika ligi. Lakini wako ambao majina yao yalififia kabla hawajafika umri wa miaka ishirini na mitano. Mtoto wa miaka 16 anayewazidi wenzake kwa sababu amewahi kukomaa mwili huweza kufikiwa na kupitwa mara wenzake wanapokomaa nao.

Kwa upande mwingine, nahodha wa timu ya taifa katika miaka ya karibuni, kiungo Bizimana Djihad, hakuwamo katika msafara wa Mexico. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine: Etincelles ya kwao Rubavu, kisha Rayon Sports, kisha APR, na mwaka 2018 akaenda Ubelgiji. Baadaye alicheza Ukraina, na hatimaye Libya. Kila ngazi ilikuwa mtihani, na kila mtihani aliufanya akiwa amevuka ule wa kabla yake.

MIEZI MITANO YA APR

Turudi kwa wageni wa 2023, waliohukumiwa barazani Rwimbogo baada ya mchezo mmoja. Ilitokea nini baadaye?

Kwanza, wale waliowalaumu walizidi kupata nguvu. Katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika APR iliitoa Gaadiidka ya Somalia, kisha ikakutana na Pyramids ya Misri. Mjini Kigali walitoka bila kufungana. Mjini Cairo, mwishoni mwa Septemba, APR ilifungwa mabao 6–1. Bila shaka usiku ule redio nyingi zilizimwa kabla ya filimbi ya mwisho.

Lakini Januari 2024 APR ilikwenda Zanzibar kwa Kombe la Mapinduzi, na katika robo fainali ikaifunga Yanga 3–1. Ni kweli kwamba Yanga haikuwa na kikosi chake chote. Na ni kweli pia kwamba katika nusu fainali APR ilitolewa kwa mikwaju ya penalti na Mlandege, waliokuja kuwa mabingwa. Hata hivyo timu iliyocheza Zanzibar haikuwa tena ile ya Agosti, kwa maana wachezaji wake walikuwa wamekwisha kujuana. Mwisho wa msimu APR ilichukua ubingwa wa Rwanda, na mshambuliaji wake Mnigeria, Victor Mbaoma, alimaliza ligi na mabao 15, sawasawa na Ani Elijah wa Bugesera. Huyo Elijah alisajiliwa na Police FC mwaka huohuo wa 2024.

Je, hapo tuseme kwamba wageni walifaa na waliowalaumu walikosea? Tusifanye haraka tena kwa upande wa pili. Mwaka 2024 APR iliongeza wageni wengine kutoka Afrika ya Magharibi. Agosti ikapangwa na Azam ya Tanzania. Ilifungwa 1–0 Chamazi, kisha mjini Kigali, katika uwanja wa Amahoro uliofanywa upya, ikashinda 2–0 na kusonga mbele. Mabao yale mawili yaliyoitoa Azam yalifungwa na Ruboneka Jean Bosco na Mugisha Gilbert, Wanyarwanda wote wawili. Ruboneka alitoka AS Muhanga, timu ndogo ya mkoani, mwaka 2020. Mugisha alitoka kwa mahasimu, Rayon Sports, mwaka 2021. Walipokuja hapakuwa na shangwe kubwa kama ile ya kuwapokea wageni uwanjani kwa ndege. Lakini siku ya haja miguu yao ndiyo iliyosema. Duru iliyofuata Pyramids waliitoa tena APR, kwa jumla ya mabao 4–2. Si sita tena, lakini bado ni kutolewa.

Funzo lake ni kwamba kuuliza mgeni ni bora au mwenyeji ni bora si kupima mchezaji. Ni kupima pasipoti.

VIPIMO VITANO

Kutokana na mifano hiyo, na kutokana na maneno ya sajini wetu wa Rwimbogo, tunaweza kupanga vipimo vitano ambavyo shabiki, askari kambini au mzazi nyumbani anaweza kuvitumia.

Kipimo cha kwanza ni pengo. Kabla hujauliza mchezaji huyu ni hodari kiasi gani, uliza timu ilikosa nini. Mama mwenye busara hanunui sufuria ya tatu hali hana mwiko. Timu yenye viungo watano na isiyo na beki wa kushoto ikisajili kiungo wa sita, hata awe fundi namna gani, imetupa fedha. Mchezaji huyo ataketi benchi na mashabiki watamwita mbovu, kumbe kosa si lake.

Kipimo cha pili ni mwili, lakini mwili wote. Wengi hutazama mbio peke yake. Tazama pia dakika ya sabini na tano: bado anarudi kukaba? Uliza habari ya majeraha yake ya nyuma, hasa magoti. Wala usimhukumu kwa umri peke yake. Meddie Kagere, ambaye zamani aliichezea Police FC ya Rwanda, alijiunga na Simba ya Dar es Salaam mwaka 2018 akielekea kutimiza miaka 32, umri ambao wengi huuona wa kustaafu. Msimu wake wa kwanza alifunga mabao 23 ya ligi, wa pili 22, na misimu yote miwili alikuwa mfungaji bora wa Tanzania Bara.

Kipimo cha tatu ni karatasi. Hapa Rwanda ilipata funzo chungu. Mwaka 2014, katika kuwania nafasi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015, timu ya taifa ilifungwa na Kongo-Brazzaville 2–0 ugenini, ikalipa 2–0 Kigali, ikashinda kwa penalti. Nchi ilishangilia. Kisha ikabainika kwamba mchezaji mmoja wa Rwanda alitumia majina mawili na tarehe mbili za kuzaliwa: moja katika timu ya taifa, nyingine katika klabu yake ya Kinshasa. Shirikisho la Afrika likaitoa Rwanda na kuirudisha Kongo-Brazzaville. Jasho la wachezaji wote likafutwa na karatasi ya mmoja. Polisi wanaosoma makala haya hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kipimo cha nne ni nidhamu, nayo huonekana wakati mpira hauko mguuni. Akipoteza mpira, anaufuata au anainua mikono kumlaumu mwenzake? Akitolewa nje, anampa mkono yule anayeingia, au anapiga teke chupa ya maji? Sajini alituambia kwamba yeye alimtazama kuruti si wakati wa kwata, maana kwenye kwata kila mtu hujitahidi, bali wakati wa kungoja chakula. "Njaa na foleni," alisema, "humwonyesha mtu alivyo."

Kipimo cha tano ni muda, nacho ndicho mashabiki wetu hawakipendi kabisa. Mchezaji aliyetoka nchi nyingine amebadilisha chakula, lugha, hali ya hewa na wenzake. Kigali iko juu sana kutoka usawa wa bahari, na pumzi ya mtu aliyezoea pwani haiwi sawa siku ya kwanza. Kwa maoni yetu, mchezaji asisifiwe wala asilaumiwe kabla hajacheza mechi kumi kamili, na hesabu ya kweli ifanywe mwisho wa msimu. Anayetaka kujua thamani ya subira hii na arudie tena habari za Ruboneka: alisajiliwa 2020, akaiokoa timu mbele ya Azam 2024.

ASKARI NA POLISI WANAPOKUTANA

Vipimo hivi vina maana zaidi kwa wasomaji wetu kwa sababu timu zao wenyewe zimekuwa shule za kupima na kuzalisha wachezaji. Jacques Tuyisenge alitoka Police FC mwaka 2016 akaenda Gor Mahia ya Nairobi, baadaye Angola, kisha akarudi nyumbani kuichezea APR mwaka 2020. Haruna Niyonzima alikomaa APR kuanzia mwaka 2007, na mwaka 2011 akahamia Yanga, ambako Watanzania wengi wanamkumbuka hata leo.

Tarehe 1 Julai 2024, uwanja wa Amahoro wenye viti 45,000 ulipofunguliwa upya, waliocheza mchezo wa ufunguzi walikuwa APR na Police FC, na jeshi likashinda 1–0. Mwaka huohuo Police FC ilikuwa imetwaa Kombe la Amani, kama ilivyolitwaa mwaka 2015. Timu zinazofika hapo hazifiki kwa bahati ya msajiliwa mmoja.

NENO KWA WAZAZI

Sasa tumjibu yule mama. Sajini hakumjibu papo hapo, alimwita kesho yake uwanjani, akamtazama kijana akicheza na wenzake, kisha akamwambia mbele ya mwandishi: "Mama, mtoto huyu ana mguu mzuri. Lakini mimi siwezi kukuambia atakuwa nani, na mtu yeyote anayekuambia anajua, huyo anataka fedha zako."

Twapenda kuongeza juu ya maneno hayo mambo manne ambayo kila mzazi wa Rusizi, na wa mpaka wowote, anapaswa kuyajua.

Jambo la kwanza: kanuni za Shirikisho la Mpira la Dunia zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mojawapo inawahusu watu wa mpakani. Kijana anaweza kuandikishwa na klabu ya nchi jirani ikiwa kwao si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani, na klabu nayo si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani upande wake, na umbali kati ya nyumba na klabu hauzidi kilomita 100. Lakini sharti aendelee kuishi nyumbani kwao, na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali waziwazi. Basi mtu anayetaka kumvusha mtoto mto na kumweka nyumba asiyoijua mzazi, hana kanuni ya kusimamia.

Jambo la pili: mchezaji wa chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Ukiletewa karatasi ya miaka mitano au zaidi, usitie kidole. Na karatasi yoyote isomwe na mtu mwingine asiyekuwa yule aliyeileta: mwalimu, mwanasheria, au afisa wa serikali ya sekta.

Jambo la tatu: kipaji cha mtoto ni mali, na timu ndizo zinazolipana kwa ajili yake. Zipo fidia zinazolipwa kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu akiwa na miaka 12, na mchezaji anapouzwa kutoka nchi hadi nchi kabla mkataba wake haujaisha, sehemu ya asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomfunza. Kwa hiyo timu inayomtaka mtoto kweli hutoa fedha. Haiji kuomba fedha kwa mjane. Aombaye nauli na gharama za karatasi mapema ajulikane kwa kazi yake, na ikibidi kituo cha polisi kipo.

Jambo la nne ni la jikoni na la shuleni. Kijana anayekua huku akicheza kila siku anahitaji chakula cha kutosha: maharage, dagaa wa ziwa Kivu, mayai yakipatikana, mboga na maji safi. Anahitaji usingizi. Na anahitaji masomo, kwa kuwa mchezaji asiyeweza kusoma mkataba wake atasomewa na mwenye hila. Tumeona kwamba katika vijana 21 waliofika Kombe la Dunia, waliodumu ni wachache. Kama hao waliochujwa katika nchi nzima walipungua hivyo, mzazi hawezi kuweka mavuno yote katika kikapu cha mpira.

Wala tusiseme maneno haya ili kuwavunja moyo vijana wa Rusizi. Wanajua vizuri maana ya kushuka. Timu yao ya Espoir, ambayo jina lake kwa Kifaransa ni Tumaini, ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2022–2023, miezi michache tu kabla ya jioni ile ya Rwimbogo. Walipoulizwa kama bado wanakwenda uwanjani, kijana mmoja alijibu kwa mshangao, kana kwamba swali halina akili: "Kwani mama yako akiugua, unaacha kwenda nyumbani?"

Mama yule hakumpa wakala fedha. Kijana wake aliingia kidato cha nne Septemba ile, akaendelea kuchezea shule na timu ya kijiji. Wakala hakuonekana tena Rwimbogo, jambo ambalo lenyewe ni jibu. Kama kijana atafika Kamembe, au Kigali, au atabaki kuwa mkulima wa kahawa anayecheza beki siku za Jumapili, hilo halijaandikwa bado. Lakini akipata mwalimu mwema na muda wa kutosha, atapimwa kwa haki, na cheti chake kitakuwa mfukoni matokeo yawe yoyote.

Nasi mashabiki, kila Agosti redio inapotusomea orodha ya wachezaji wapya, tukumbuke kwamba kila jina linalosomwa ni mtoto wa mtu, naye nyumbani kwao yuko mama anayesikiliza kama sisi. Tumpe mechi zake kumi kabla hatujamhukumu.